Marehemu Wanaolamba Chumvi

Ulimwona ukageuza uso. Usikatae. Ulimwona ndama wa jirani yako amelala ubavu, tezi zimevimba chini ya masikio kama amefichiwa viazi, povu jeupe linamtoka puani, ukasema, "Pole bana," ukaenda zako sokoni. Na wakati uleule, huko Kitale, nyuma ya ukuta wa mawe walioujenga walowezi, kinga ya ndama huyo ilikuwa imelala ndani ya mtungi wa baridi, na mtungi ulikuwa unakauka. Hilo pia uliambiwa. Ulikohoa, ukauliza kama malori ya mahindi yameshafika Moi's Bridge.

Basi keti. Safari hii utasikiliza mpaka mwisho.

Phelista Nabwile alikuwa mwalimu wa hesabu, hesabu zile za chuo kikuu ambazo namba zimekimbia zikabaki herufi tupu. Alizaliwa Malakisi, akalelewa katikati ya tumbaku, na mwaka huu wa 2005 amekuwa na uchovu ambao usingizi hauuponyi. Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, alipitia chumba cha mtungi, pale kituo cha mifugo cha Kitale. Alifungua kifuniko, moshi mweupe wa baridi ukamwagika mpaka kwenye viatu, akachovya kijiti cha mbao hadi chini, akakitoa na kukipunga hewani. Barafu ilipong'ang'ania kijiti, hapo ndipo naitrojeni ilipofika. Zamani ilikaribia kumgusa vidole. Siku hizi alilazimika kuinama ili aione.

Haikuwa kazi yake. Mwenye kazi alistaafishwa na nafasi yake haikujazwa. Serikali yetu ni hodari wa kustaafisha.

Naitrojeni hiyo ni maji ya baridi kali, baridi inayounguza kama moto. Ndani yake ililala chanjo ya ndigana, ugonjwa wa kupe unaotafuna mifugo ya Bungoma na Trans-Nzoia tangu babu zetu. Na chanjo yenyewe ni kitu hai: ni vidudu vilevile vya ndigana, vilivyokusanywa kutoka kwa kupe wa hukuhuku, vikalazwa usingizi wa baridi. Ng'ombe anadungwa vidudu, anadungwa pia dawa ya kuvituliza, mwili wake unajifunza vita. Lakini mtungi ukikauka, vidudu vinakufa, na hakuna duka la kuvinunulia vingine.

Watu waliuita Mradi wa Wanne, kwa sababu wafadhili wa ng'ambo walipenda kuona wasomi wa fani nne wakila sahani moja. Mwenye hesabu alikuwa Phelista. Mwenye biolojia alikuwa Jeruto, binti wa Kapsokwony, aliyewajua kupe kwa majina kama wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira. Mwenye afya ya mifugo, na mkubwa wa wote, alikuwa Daktari Wepukhulu. Na wa nne, ambaye kila mtu alimcheka, alikuwa Waithaka, aliyesomea chembe: vitu vidogo kuliko vumbi la vumbi, vinavyoshuka kutoka angani vikapenya bati, vikapenya kichwa chako, vikaendelea na safari bila hata kubisha hodi. Waithaka alikuwa ameweka mtambo wake ndani ya pango la Mlima Elgon, juu ya Kapsokwony, ili mwamba uzuie chembe za kila siku, zifike zile adimu tu.

Chembe na kupe wanakutana wapi? Kwenye mtungi. Mtambo wa Waithaka ulihitaji kupozwa kwa naitrojeni, na chanjo pia. Undugu wao wote ulikuwa huo, kama wake wenza wanaochota kisima kimoja.

Jaribio lenyewe halikuwa na mafumbo. Ndama na mitamba wa nyanda za chini, upande wa Malakisi, walichanjwa, kila mmoja akatiwa hereni ya njano yenye namba. Wale wa miteremko ya juu, upande wa Kapsokwony, waliambiwa wangoje. Mwaka ukiisha, vijana wangepita nyumba kwa nyumba kuuliza ni ng'ombe wangapi wamekufa. Kama vifo vimepungua huko chini, chanjo ingesambazwa kila kijiji.

Mwaka uliisha, vijana wakapita. Na huko chini, kwa wenye hereni, vifo vilikuwa vingi sawasawa na huko juu.

"Chanjo haifanyi kazi," Daktari Wepukhulu alisema, akiiweka kalamu mezani polepole kama anamlaza mgonjwa. "Nimeandika. Wafadhili wanafunga faili mwisho wa mwezi. Gari la naitrojeni haliagizwi tena."

"Haiwezekani, Daktari."

"Hesabu ni zako, Mwalimu. Mimi nimesaini tu."

"Hesabu ni zangu. Maswali si yangu."

Alikuwa ameshayasema haya mpaka ulimi ukaota sugu. Siku ya kwanza kabisa, kwenye mkutano, aliinua mkono akawaambia wageni: kwetu mtu hasimamishwi mlangoni akaulizwa habari za ng'ombe wake akajibu wazi. Na vijana tunaowatuma wamelelewa vizuri, hawawezi kuingia zizini mwa mzee na kuanza kuhesabu mifugo yake. Hiyo ni kumtukana. Watauliza kwa adabu, watajibiwa kwa adabu, na adabu mbili hazizai ukweli. Mgeni mmoja alitabasamu akasema jambo hilo ni zuri sana, tulizungumze wakati wa chai. Wakati wa chai walizungumza mandazi.

Kwa hiyo Phelista alijua kuna kitu, kama mtu anayenusa moshi bila kuuona moto. Lakini kunusa si takwimu.

Siku mbili tatu baadaye Waithaka alifika kituoni kuchukua naitrojeni yake ya wiki, chupa yake ya chuma begani, matope hadi magotini.

"Niaje, Mwalimu."

"Niko tu. Mtungi umeshuka, Waithaka."

"Na mimi nimeshuka. Mungu akinipa nguvu nitaiacha hii kazi. Ng'ombe wananimaliza."

"Ng'ombe wamefanya nini tena?"

"Si wanakuja pangoni kulamba chumvi ya mwamba! Jeruto ananiambia wamekuja tangu kabla ya Nuhu. Wanakanyaga nyaya, wananyea betri. Juzi mmoja ameulamba mtambo wenyewe. Mimi nangoja chembe kutoka kwa nyota, yeye ananipa mate! Na hao wenye hereni za njano ndio wana madharau zaidi, ati wamesoma."

Phelista alikuwa ameshika kijiti hewani. Barafu ilianza kuyeyuka ikimdondokea kwenye kiganja.

"Hereni za njano? Wapi?"

"Pangoni, bana. Si nimekuambia."

"Waithaka. Huko juu hatukuchanja hata mmoja."

Walipanda siku iliyofuata, wao wawili na Jeruto, kwa gari la mradi mpaka barabara ikawashinda, kisha kwa miguu. Phelista alibeba karatasi moja aliyoichapisha: namba za hereni za wale walioandikwa kwamba wamekufa. Jeruto alitangulia, hatoki jasho, anawasalimia watu kila kona.

"Sasa mnisikilize," alisema walipoufikia mdomo wa pango. "Mwalimu, wewe hasa. Hapa kwenye chumvi haulizwi ng'ombe ni wa nani. Ukiuliza, umeanza vita. Hata wakati watu wamekosana kabisa, chumvini ni amani. Tutaketi, tutaangalia. Macho hayalipishwi."

"Hivyo ndivyo mimi nafanya kazi," Waithaka alisema, akiegemea jiwe. "Chembe huwezi kuiuliza imetoka wapi. Unatega mtambo pale inapopita, inapita, unasema asante."

"Na ikikudanganya?"

"Itakudanganya nayo haiongei? Watu ndio wanaongea."

Wakaketi. Mchana ulikuwa umetulia, ukungu umelala kwenye mianzi. Kisha walikuja, kwanza mmoja, kisha kundi, wachungaji wakiwafuata kwa mbali na kuitikia salamu za Jeruto. Ng'ombe waliingia chini ya mwamba, wakainua shingo, wakaanza kulamba. Ndimi zilikwaruza jiwe kama fundi anayepiga msasa.

Phelista alisoma hereni ya kwanza. Akatafuta kwenye karatasi. Alikufa.

Akasoma ya pili. Alikufa.

"Huyo mweusi?" Jeruto alinong'ona.

"Alikufa baada ya tohara za Agosti."

"Heh! Amenenepa huko kuzimu."

"Na yule wa nyuma?" Waithaka aliuliza.

"Naye marehemu."

"Marehemu ana hamu ya chumvi, mwacheni," Jeruto alisema, akaziba mdomo asicheke kwa nguvu. Kisha kicheko kikamwisha. Aliinuka, akamsogelea mmoja taratibu, akalishika sikio lake na kulifunua. Ndani kupe walikuwa wamejipanga kama mbegu za alizeti, kahawia, wameshiba. "Mwalimu, njoo uone. Hawa ndio wenyewe, wanaobeba ndigana. Na huyu anacheua kama bibi harusi. Unajua maana yake?"

Phelista alijua maana yake: chanjo ilikuwa inafanya kazi. Alikaa chini. Alianza kuweka alama kwenye karatasi, namba kwa namba.

Hapo ndipo alipoingia mtamba mwekundu, paji jeupe, pembe changa ya kushoto imepinda kulielekea jicho kama inataka kulisoma. Phelista hakuhitaji karatasi. Alikuwa amemnyonyesha kwa chupa likizo moja pale nyumbani Malakisi, baada ya mama yake ndama kufa kwa ndigana. Na mwaka uliopita Mayi, mama yake mzazi, alimpigia simu akalia, akasema, "Kifagio ametuacha." Phelista naye alilia, msalani chuoni, mtu mzima na digrii zake.

Kifagio alimkazia macho, akaja, akamlamba mkono.

"Unamjua huyu?" Waithaka aliuliza.

"Hapana."

"Sawa. Na yeye hakujui."

Asubuhi alikuwa Malakisi. Mama yake, Nasimiyu, alikuwa kibandani akitunga majani ya tumbaku kwenye uzi, vidole vimekuwa vyeusi kwa gundi ya majani. Phelista aliketi karibu naye, akachukua uzi mwingine.

"Mayi, nimemwona Kifagio."

Mkono wa mama haukusimama. "Wapi?"

"Kwenye chumvi."

"Nani mwingine amemwona?"

"Mayi! Uliniambia amekufa."

"Niliwaambia wale vijana wako wa kalamu. Ungetaka niwaambie wao moja, wewe nikwambie lingine, halafu ulibebe huko ofisini? Ng'ombe niliyemwekesha kwa rafiki ni siri ya watu wawili tu, mimi na yeye. Hata mume haambiwi."

"Lakini kusema amekufa..."

"Wewe unaitwa msomi, kumbuka basi." Sasa mkono ulisimama. "Baba yangu alikuwa skwota huko Kitale, akifuga na kufanya kibarua kwenye shamba la mzungu mmoja. Bwana mifugo alikuja, kofia hivi, akahesabu ng'ombe wetu mbele ya watoto, akawatia alama. Kilichofuata? Ati wana magonjwa, ati watawaambukiza wa mzungu. Walifagiliwa wote. Uondoaji huo watu waliuita kifagio. Aliyekuwa na ng'ombe kwa rafiki, akasema 'hao wamekufa,' ndiye aliyebaki na maziwa. Ulidhani mtamba nilimpa jina hilo kwa sababu ya mkia?"

Phelista alitunga jani jingine kwenye uzi.

"Kisha mnakuja nyinyi," mama akaendelea, "mnawatia hereni yenye namba. Watu wakasema, hereni ni mhuri, huyo sasa ni ng'ombe wa mradi, siku moja atachukuliwa. Kila mwenye rafiki huko juu akampandisha ng'ombe wake. Akija mtu na kalamu, amekufa. Mtaa mzima. Hata mzee wa kanisa. Huo si uongo, Nabwile. Huo ni ua."

"Ua wenu umeifungia dawa nje. Wameandika kwamba chanjo imeshindwa. Mtungi unakauka."

"Basi peleka namba zako, utaje kila mtu na rafiki yake. Tufagiliwe mara ya pili, safari hii na mtoto wangu ndiye ameshika fimbo."

Akarudi kwenye tumbaku yake.

Phelista alirudi Kitale na ukweli ambao haukuwa na mahali pa kuwekwa. Alimweleza Daktari Wepukhulu alichokiona, bila namba hata moja: kwamba wengi wa waliozikwa kwenye ripoti wako hai, wana kupe na wana afya. Daktari alivua miwani, akajisugua macho. Alionekana mzee ghafla.

"Niletee namba za hereni."

"Kwa nini namba? Nimesimama hapo nikawaona."

"Kwa sababu hiyo ndiyo ripoti, Mwalimu. Kila namba na jina la mwenye ng'ombe. Na kanuni waliyotupa unaijua: aliyetoa habari za uongo anaondolewa kwenye mradi na chifu anaarifiwa."

"Basi sizileti."

"Basi hujaona kitu." Akaona jinsi Phelista alivyomwangalia, akapandisha sauti. "Wewe unafikiri mimi nafurahia? Nimezika ng'ombe wa baba yangu kwa ndigana, na mimi ni daktari wa mifugo! Lakini nisimame mbele ya wafadhili niwaambie nini? Kwamba marehemu wanalamba chumvi?"

"Ndiyo. Uwaambie hivyo."

Alicheka bila furaha. Alipozungumza tena ilikuwa kwa sauti nyingine, ya mtu wa kwao.

"Sikiliza. Nitafanya jambo moja, na hilo nitalijibu mimi. Mwenyewe akija hapa langoni kwa miguu yake, na ng'ombe wake kwa kamba, akasema 'nilisema amekufa, yuko hai,' hiyo namba ameitaja yeye, si wewe. Nitaandika yuko hai, na hakuna chifu atakayeitwa. Wakija wa kutosha, ripoti nitaipasua mwenyewe. Lakini waje kabla mtungi haujakauka. Ukishakauka, hata waje na zizi zima, tutakuwa tunahesabu mifupa."

Waithaka alikuwa amesikia, kuta za ofisi ile ni mbao tupu. Jioni hiyo hakuondoka na naitrojeni yake. Kesho yake akarudi kutoka mlimani na ile aliyokuwa ameshaichukua, akaimimina mtunguni tena, moshi ukimfunika mpaka kiunoni kama malaika aliyepotea njia.

"Mtambo wako?" Phelista aliuliza.

"Nimeuzima."

"Kazi yako yote, Waithaka."

"Chembe zimekuwa zikishuka tangu dunia iumbwe, Mwalimu. Hazina haraka. Ndama ndio hawana muda." Akafunga kifuniko. "Usinishukuru, nitalia, na mimi ni mtu wa watu."

Jumapili Phelista alisimama kanisani Malakisi, baada ya matangazo. Hakutaja jina la mtu wala la rafiki. Alisema tu yaliyosemwa na daktari: njooni wenyewe, na ng'ombe wenu, mseme wenyewe. Hakuna atakayewafagia. Mkikaa kimya, dawa inakufa, na mwakani, mvua ikija na kupe wake, ndama watakaokufa watakufa kweli.

Unakumbuka? Wewe ulikuwepo, benchi la katikati, karibu na dirisha. Ulifungua kitabu cha nyimbo ukasoma wimbo ambao hakuna aliyeutaja. Jirani yako alifunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Mzee wa kanisa alishukuru kwa neno hilo zuri, akasema litazungumzwa. Labda wakati wa chai. Hata Nasimiyu, mama yake Phelista, alikuwa ameinamia sakafu.

Akatoka peke yake. Hakuna aliyemsindikiza hata mpaka barabarani.

Katikati ya wiki alikuwa katika chumba cha mtungi, kijiti mkononi, alipoitwa na askari wa langoni. Sauti ilikuwa imetatizika.

"Mwalimu, kuna mama hapa na ng'ombe. Nimemwambia hapa si soko. Anasema nikuambie marehemu amefika."

Nasimiyu alikuwa amesimama nje ya geti, leso imefungwa kichwani, viatu amevishika mkononi, miguu imevimba. Alikuwa amepanda mlimani hadi kwa rafiki yake, akaomba ruhusa yake kwanza, maana siri ni ya wawili, kisha akamshusha Kifagio na kuongozana naye kwa miguu mpaka Kitale, wakilala njiani kwa watu. Mtamba alikuwa akila maua ya serikali.

"Mayi, si ungenipigia simu!"

"Ungekuja na gari. Ungesema umeniokoa. Nilitaka nije mwenyewe." Akamsukuma kando taratibu. "Yuko wapi huyo daktari wenu?"

Daktari Wepukhulu alitoka, miwani mkononi. Alimwamkia Nasimiyu kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani, akalishika sikio la ng'ombe.

"Nilisema amekufa," Nasimiyu alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Nilidanganya, na sababu ninayo, ni ya zamani kukushinda wewe. Yuko hai. Andika."

Daktari aliandika. Alichelewa kuinua uso.

"Nimeandika, Mayi. Lakini ni mmoja. Mmoja si takwimu."

"Hata mimi najua kuhesabu mpaka moja." Nasimiyu alifunga kamba kwenye nguzo ya geti, fundo mara mbili, akakaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu yake ile. "Ndiyo maana siendi nyumbani. Nawangoja wengine."

Phelista aliketi kando yake. Mama alikuwa ameshafunga macho, si kwa usingizi, kwa uchovu tu, mgongo ameuegemeza kwenye ubavu wa Kifagio. Barabara ya kutoka Bungoma ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Kila kitu kilichosogea huko mbali, Phelista alidhani ni ng'ombe. Ilikuwa baiskeli. Ilikuwa mkokoteni. Ilikuwa mtu na mzigo wake.

Asubuhi kijiti kilitoka mtunguni na barafu ya upana wa vidole vitatu. Asubuhi iliyofuata, viwili. Waithaka alimletea Nasimiyu uji. Jeruto alimtoa Kifagio kupe masikioni, mmoja mmoja, akiwataja majina. Daktari alipita getini mara nyingi kuliko kazi ilivyodai, akiangalia barabara. Nasimiyu yuko palepale, na kamba, na ng'ombe mmoja aliyefufuka.

Na wewe uko hapo umekaa.

Unaye wako huko juu, kwa rafiki. Usiniangalie hivyo. Ulisema amekufa, na ulikuwa na haki ya kusema hivyo, maana walikufagia mara moja na hakuna aliyekuomba msamaha. Lakini ua uliowajengea ng'ombe wako umekuwa kaburi lao. Waliokuja kuuliza walikwenda na majibu yasiyo majibu, wako karibu kufunga faili, wameshapanda ndege. Wasiokuwa na ndege ni ndama wako. Usingoje kusikia mwenzako ameenda. Usingoje mkutano, wala chifu, wala wakati wa chai. Inuka hapo ulipo. Mwendee rafiki yako, mwombe ruhusa, mfungue ng'ombe wako, shika kamba, uanze kutembea kuelekea Kitale, leo, jua likiwa bado liko juu. Barafu ni vidole viwili. Ondoka.